Naitwa Mtumwa, na nataka kulieleza jina hili kabla halijatuishia

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamii.

Nimezaliwa Wete, Pemba, mwaka 1978, na jina nililopewa siku ya saba ni Mtumwa. Si lakabu wala si jina la utani. Ndilo lililomo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Huu ni mwaka wangu wa 19 nasomesha madarasa ya chini hapa Unguja, na katika madaftari yote ya mahudhurio niliyoyafungua nimekutana na mtoto mmoja tu mwenye jina langu. Akina Sumayya, Nasra, Ilham, Rayyan na Arafat sina hesabu yao.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Binti yangu kajifungua mtoto wa kike, alhamdulillah, na kanambia anataka kumwita jina langu. Nyumba imegawika. Upande wa mume hawasemi kitu, lakini kimya chao nakisikia. Na tulipokwenda kuandikisha, karani aliitazama fomu, akanitazama na mie, akasema, "Mama, mna hakika? Huyu mtoto atakuja kukulaumuni." Ni kijana mdogo, na hakusema kwa ubaya. Tukaichukua fomu tukarudi nayo nyumbani. Siku ya pili leo neno lake halijanitoka.

Kwa hivyo naandika. Nianze na kisa changu, maana jina hili halieleweki bila ya kisa.

Mama yangu alizaa watoto watatu kabla yangu, na wote watatu walikufa kabla hawajaota meno. Nilipozaliwa mie, mkunga hakunikabidhi kwa mama. Alinilaza kwenye uteo, ule ule wa kupetea mchele, akatoka nao nje akaniweka kando ya jaa. Akapita jirani, bibi mmoja ambaye walishapanga naye, akapiga kelele, "Jamani, nimeokota!" Akaniingiza ndani na kumuuliza mama kama atanunua. Mama akauliza bei. Shilingi moja. Akalipa. Toka hapo nikawa si mtoto wa kuzaliwa nyumba ile, nikawa kitu cha kununuliwa. Mwenye kijicho akipita atauliza, "Yule nani?" Ataambiwa, "Ah, yule mtumwa tu." Na kitu kisichokuwa na thamani hakuna anayekihusudu.

Shilingi ile bibi yule hakuitumia. Siku niliyoolewa alinijia chumbani, akafungua pindo la kanga yake, akanipa. Upande mmoja sura ya Nyerere, upande wa pili mwenge. Ninayo mpaka leo, imeshakuwa nyeusi.

Mwisho wa kisa. Sasa mniambie, jina kama hilo ni tusi?

Karafuu Kavu

Waalaykum salaam Bi Mtumwa, na hongera ya mjukuu. Naomba niulize kwa heshima, maana nadhani wengi wanalo hili swali na wanaona haya. Mtu akiitwa Mtumwa, si inamaanisha ukoo wao ulikuwa wa watumwa? Mie nimelelewa hivyo, ya kuwa majina haya yanaonesha asili ya mtu.

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Mwanangu, swali zuri, na afadhali umeliuliza hapa kuliko kulisema nyuma ya mgongo.

Utumwa visiwani kwetu ni jambo lililokuwepo. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash, na pale palipokuwa soko ndipo lilipo kanisa la Mkunazini. Kuufunga mnada hakukumwacha huru aliyekwisha nunuliwa. Amri ya kuuondoa utumwa kisheria ilikuja mwaka 1897, na hiyo nayo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Kwa hivyo si mambo ya kale sana. Bibi yake bibi yangu aliyaona.

Lakini tazama majina waliyopewa watumwa wenyewe. Bwana akinunua mtu hakumwita Mtumwa. Alimwita Almasi. Alimwita Feruzi, Marijani, Ambari, Zafarani. Au jina la kheri na bahati: Mabruki, Baraka, Farijala. Majina ya vito na ya manukato, maana yule mtu kwake alikuwa mali, na mali huitwa jina zuri. (Sisemi kila Feruzi ni uzao wa mtumwa, tafadhali. Majina yamezunguka, na wengi wamepewa kwa kupendeza tu.) Jina la Mtumwa halikuwa jina la bwana kumpa aliyemnunua. Ni jina la mama kumpa aliyemzaa, akiogopa kumpoteza.

Na linao ndugu zake. Yupo Kijakazi. Yupo Mkiwa. Wapo Tabu, Mashaka na Shida. Hawa wote wana mlango mmoja. Halafu wapo akina Sikudhani, Sikujua na Siwema, ambao majina yao ni maneno ambayo mzazi kayatupa barazani ayaokote yanayemhusu. Mwenye kumwita mwanawe Sikudhani ana mtu anamwambia. Mtaani wanamjua ni nani, na kila akiitwa mtoto, yule mtu anasikia. Sisi watu wa visiwani tulikuwa tunazungumza kwa majina kama tunavyozungumza kwa kanga.

Halafu kuna neno Wahadimu, watu wa kusini Unguja, waliokuwa chini ya Mwinyi Mkuu wa Dunga. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, khadimu, mtumishi. Na walikuwa waungwana katika ardhi yao. Ukilishika jina peke yake ukadhani umemjua mtu, utakosea mara nyingi.

Mtoto wa Fumba

Dada yangu, nakubaliana nawe kwa mengi ila hapo pa utumwa umepita haraka. Huku kwetu Fumba ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, mwaka 1880. Jina alilopewa na wazee wake ni Mtumwa. Hilo la Siti alikuja kupewa ukubwani, alipokuwa ameshahamia mjini na sauti yake imeshajulikana, na maana yake ni bibi, mwanamke mwenye heshima. Mwaka 1880 soko limefungwa lakini utumwa wenyewe bado halali kwa sheria. Huwezi kuniambia mtu aliyempa mwanawe jina la Mtumwa mwaka ule, hapa Unguja, hakuwa akilisikia neno kwa maana yake kamili. Wengine husema aliitwa hivyo kwa sababu ya zama alizozaliwa.

Jina lako lina kisa cha uteo na shilingi. Mwengine huenda lake lina kisa chengine.

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Kaka, umenisahihisha na nimekubali. Naongeza tu kwamba huyo huyo aliyezaliwa Mtumwa ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na watu mpaka bara na Kenya wakawa wanaijua sauti yake. Nilipokuwa mdogo sikuambiwa haya. Ningeambiwa, labda nisingefanya nililolifanya darasa la saba.

Nalieleza, maana nimelinyamazia muda mrefu.

Tulikuwa tunajaza fomu za mtihani. Mwalimu mmoja, mtu mwema kabisa, akaniita pembeni akanambia, "Hapa ndipo pa kulibadilisha. Andika Fatma. Vyeti vyako vyote vitatoka na Fatma, na hakuna atakayejua." Nilikuwa nimeshachoka na kuchekwa wakati wa kuitwa majina asubuhi. Nikaandika Fatma. Fomu ilitakiwa irudi na sahihi ya mzazi.

Mama yangu hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alijua za Kiarabu, za msahafu. Nikajua ataweka dole gumba na yatakwisha. Alikaa kizingitini na ile karatasi, kaielekeza kwenye mwanga, akakaa nayo muda. Kisha akanambia, "Jina lako linaanza na herufi yenye milima miwili. Hii ina mlima gani?"

Kumbe alikuwa akiiona kwenye kadi yangu ya kliniki. Miaka yote ile kaishika ile M kichwani mwake, bila ya kujua inaitwaje.

Akachukua raba kwenye mkoba wangu akaanza kufuta. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye jina. Hakugomba, hakupiga. Alifuta tu, na mimi nimesimama. Alipomaliza akasema, "Wale watatu niliwapa majina mazuri." Akanyanyuka akaenda jikoni. Ikabidi niombe fomu nyengine.

Majina ya wale watatu nilikuja kuambiwa na shangazi, baada ya mama kufariki. Siyaandiki hapa.

Ustadhi wa Jang'ombe

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote na nimeguswa, Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na awape subira waliofiwa na watoto. Lakini itabidi niseme lililo haki yangu kusema.

Dini yetu imetuelekeza kuchagua majina mazuri. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alimkuta binti anaitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akambadilishia akamwita Jamila. Na katika Bukhari na Muslim tumekatazwa hata bwana kumwita aliye chini yake "mtumwa wangu". Aseme "kijana wangu". Sasa kama hata mtumwa wa kweli haitwi hivyo, vipi tumwite mtoto aliye huru?

Na la pili, hilo la uteo na jaa. Kuamini kwamba jina au shilingi inazuia kifo ni jambo la hatari katika itikadi. Uhai na mauti viko mikononi mwa Allah. Husuda ipo, na kinga yake tumefundishwa: Qul a'udhu, dua, na kumwambia mtu "Masha Allah". Mtoto anaadhiniwa sikioni, siku ya saba ananyolewa, anachinjiwa akika, na anaitwa jina zuri. Yanatosha.

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Waalaykum salaam Ustadhi, na ahsante kwa upole wako. Nakujibu kwa adabu, na ukiniona nimeteleza unirekebishe.

Kwenye la pili sibishani. Kifo ni amri ya Mungu. Mie nimeishi kwa sababu nimeandikiwa kuishi, na wale watatu waliandikiwa siku zao. Mjukuu wangu hatowekwa jaani wala hatouzwa. Ataadhiniwa na babu yake, na mbuzi wa akika ameshafungwa uani. Ila nakuomba umtazame mama yangu kwa jicho jengine. Mwanamke wa shamba, kazika watatu, hospitali mbali, hakuna aliyemweleza walikufa kwa nini. Alikuwa anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Kwenye la kwanza, nina mambo mawili.

Kwanza ni neno lenyewe. Linatokana na kutuma. Lugha yetu ina njia ya zamani ya kuunda jina kwa kumalizia na "e": aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe, aliyeshindwa ni mshinde. Na aliyetumwa ni mtume. Ukitumia njia nyengine, ile ya kutendwa, aliyetumwa ni mtumwa. Mtume na mtumwa ni watoto wa kitenzi kimoja, na zamani hawakuwa mbali hivi. Ukisoma tenzi za zamani za pwani, Mtume Muhammad mwenyewe anaitwa Tumwa. Washairi wale walikuwa wanazuoni, na hawakuona kasoro. Neno limeharibiwa na soko. Kabla ya soko lilikuwa ni mtu mwenye kupelekwa na ujumbe.

La pili unalijua kuliko mimi. Majina yanayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Na "abdi" kwa Kiarabu ni nini, Ustadhi? Tunaona ladha ya "mja" tunapotafsiri, lakini ndilo neno lile lile la mtumwa. Pemba nzima, Unguja nzima, nyumba haikosi Abdalla. Hakuna karani aliyemuuliza mama yake Abdalla kama ana hakika.

Ustadhi wa Jang'ombe

Hoja ya Abdalla ina uzito, ila "abdi" pale haikusimama peke yake. Kaegemezwa kwa Allah. Utukufu umetoka kwa yule anayemilikiwa naye. Mtumwa bila ya kusema wa nani, msikiaji atajaza mwenyewe, na watu hujaza baya. Mkimwita mtoto hivyo, basi mumfundishe mapema amjibu mwenye kumuuliza: mtumwa wa Mungu.

Na hilo la Tumwa katika tenzi nimelisikia kwa masikio yangu madrasa na sikuwahi kuliunganisha. Mungu akulipe kheri.

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Amin, na nimelichukua. "Mtumwa wa Mungu" nitamfundisha mwenyewe, pamoja na Fatiha.

Nipo Bara

Nimesita sana kuandika hapa.

Mimi ni mwanamme, nimetoka Micheweni, nafanya kazi bara mwaka wa kumi sasa. Jina langu la tatu ni Mtumwa. Babu yangu mzaa baba. Kama mnavyojua, sisi Wazanzibari hatuna jina la ukoo kama wenzetu wengine: jina lako, la baba, la babu. Kwa hivyo mtu akifuta jina la tatu kafuta babu mzima.

Nilipoanza kazi, kila nikijitambulisha kwa majina matatu kuna mtu lazima aulize, "Mtumwa wa nani?" na watu wanacheka. Nikaanza kuandika herufi tu, M. Halafu nikaacha hata hiyo herufi. Kwenye kadi zangu za kazi sasa kuna majina mawili. Mwanangu, ambaye jina lake la tatu ni jina la baba yangu, hajui kama babu wa baba yake aliitwa Mtumwa. Ana miaka sita.

Babu yangu alikuwa mchumaji mikarafuu ambaye watu walikuwa wanamwita kutoka vijiji vya mbali msimu ukifika, maana alikuwa hapandi mti bila ya kuujaribu tawi kwa tawi, na hajapata kuanguka. Anashuka na pakacha kichwani limejaa, shati limelowa, mikono inanuka karafuu hata baada ya kukoga. Mie nimelala kwenye ile harufu utoto wangu wote.

Sikuwahi kuuliza kwa nini aliitwa vile. Leo nimempigia baba. Kanambia babu alikuwa wa tano kuzaliwa na wa kwanza kuishi.

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Ndugu yangu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Wa tano kuzaliwa na wa kwanza kuishi.

Mwambie mtoto. Ana miaka sita, ndio umri wa kupenda hadithi za kupanda miti.

Dada wa Tanga

Huku kwetu pia lilikuwepo, bibi mmoja jirani yetu, Bi Mtumwa, mpishi wa shughuli zote za mtaa. Sijalisikia tena tangu alipofariki. Naona limepotea pwani yote, si visiwani tu.

Karafuu Kavu

Bi Mtumwa, mie ndiye niliyeuliza mwanzo. Naomba radhi kwa namna nilivyouliza. Na mjukuu kaitwa nani mwisho wake?

Mwalimu wa Wete (mwenye uzi)

Huna kosa mwanangu.

Akika ilikuwa jana. Sikumshikilia binti yangu, nilimwambia mtoto ni wenu, jina ni lenu, na mie sitonuna mkichagua jengine. Yeye akashikilia. Kumbe tatizo la upande wa pili halikuwa nililolidhani. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikaa na mie barazani baada ya alasiri, macho chini, akanambia, "Mama, mie jina sina ugomvi nalo. Ila ni jina lako. Vipi nitamwita mtoto wangu jina la mkwe wangu? Vipi nitamgombeza?"

Wallahi sikuwa nimelifikiria. Siku zote hizi mie nafikiri wanaona aibu, na yule kijana kumbe ananionea haya. Nikamwambia zamani walifanyaje: anayetaka kulikwepa jina alimwita mtoto Somo, au Bibi, au Mkubwa, na mtoto akakua na majina mawili bila ya tabu. Akainua uso akasema, "Basi mie nitamwita Bibi."

Leo asubuhi tumerudi kwa karani yule yule na fomu yetu. Ameandika bila ya kuuliza, kwa herufi kubwa, na nikamwomba nitazame kabla hajapiga muhuri. Herufi ya kwanza ina milima miwili. Shilingi nimeifunga kwenye kitambaa nikampa binti yangu amuwekee.

Sasa hivi ninavyoandika mtoto analia chumba cha pili, na baba yake namsikia anambembeleza: "Nyamaza Bibi, nyamaza, maziwa yanakuja."